Kabla Hujaunganisha Staki ya Swichi: Niliyojifunza Kazini

Ukipewa maboksi manne ya swichi za mtandao, vile vifaa vinavyounganisha kompyuta, simu na kamera za ofisi, na kuambiwa uziunganishe ziwe staki moja, mkono huwahi kwenye kebo kabla ya akili. Naomba uuzuie kidogo. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na karibu kila staki iliyonisumbua iliharibiwa siku ya kwanza, kwa jambo ambalo mtu aliliacha lijiamue lenyewe: nani awe kiongozi, nani awe namba ngapi, toleo lipi la programu dhibiti (programu inayoiendesha swichi yenyewe) litumike. Staki haiachi maswali hayo yaning'inie. Usipoyajibu wewe, itayajibu yenyewe, na jibu lake utakutana nalo saa nne asubuhi ofisi ikiwa imejaa watu.

Kwa nje, staki huonekana kama swichi moja. Ina jina moja, anwani moja ya IP ya kuisimamia na faili moja ya mipangilio. Ndani yake lakini ni swichi kadhaa zilizokubaliana kuifuata moja. Hiyo moja ndiyo kiongozi. Nyingine hukaa tayari kushika nafasi yake, na zilizobaki hufuata. Kila mtengenezaji ana mfumo wake. Cisco huuita wao StackWise, na swichi zao za Catalyst 9300 zinaunganika hadi 8. Juniper wana Virtual Chassis, ambayo kwenye EX4200 ilifika swichi 10. Aruba wana VSF. Majina yanatofautiana, na hata njia ya kuunganisha inatofautiana: StackWise hutumia poti (matundu ya kuchomekea waya) maalumu za nyuma na kebo zake fupi za nusu mita, mita 1 au mita 3, kwa hiyo swichi hukaa kwenye raki moja au raki jirani. VSF hupita kwenye poti za kawaida za mbele, hivyo kwa faiba unaweza kuunganisha swichi ya ghorofa ya kwanza na ya ghorofa ya tatu. Jua unayo ipi kabla hujaagiza kebo.

Kazi huanzia mezani, si kwenye raki. Washa kila swichi peke yake, ingia kwa kebo ya konsoli, ile inayounganisha kompyuta yako moja kwa moja na swichi, soma toleo la programu dhibiti. Zote ziwe na toleo lile lile, hadi tarakimu ya mwisho. Kwenye Cisco, swichi yenye toleo tofauti hukaa kwenye hali inayoandikwa V-Mismatch: taa zinawaka, feni inazunguka, lakini poti zake hazipitishi data ya mtu yeyote. Mgeni akiiona inawaka hudhani ni nzima na kuanza kutafuta kosa kwenye nyaya za ukutani. Halafu futa mipangilio ya zamani, hata kama boksi lilikuwa na utepe wa kiwandani.

Ukiwa bado mezani, wape namba na kipaumbele, yaani alama inayoamua nani awe kiongozi; kubwa ndiyo hushinda. Kwenye Cisco kipaumbele ni kuanzia 1 hadi 15, na kila swichi hutoka kiwandani ikiwa na 1. Zikilingana, ushindi huenda kwa swichi yenye anwani ndogo ya MAC (namba ya utambulisho ambayo kifaa hupewa kiwandani), na mara nyingi hiyo ndiyo iliyotengenezwa zamani kuliko wenzake. Yaani usipogusa kitu, swichi kongwe kuliko zote inaweza kuishia kushika uongozi wa ofisi nzima. Mimi huweka 15 kwa ile ninayotaka iongoze, 14 kwa ya kushika nafasi yake, na zilizobaki naziacha chini. Elewa pia kwamba ukibadilisha kipaumbele leo, kiongozi wa sasa haondoki leo. Ataendelea mpaka uchaguzi ufuate, yaani mpaka staki iwashwe upya au yeye mwenyewe azimike. Wengi hubadilisha namba, wakaona hakuna kilichotokea, wakadhani amri imekataa, wakaibadilisha tena na tena.

Namba ya swichi ndiyo inayoingia kwenye jina la poti. GigabitEthernet3/0/12 ni poti ya 12 ya swichi namba 3. Sasa fikiria raki ambayo swichi namba 3 iko juu, namba 1 iko chini, na namba 2 na 4 katikati. Mtu anakupigia simu usiku, unamwambia chomoa waya kwenye swichi ya tatu, naye anahesabu kutoka juu kama mtu yeyote angefanya. Panga namba zishuke kwa mfuatano, kisha bandika lebo mbele na nyuma ya kila swichi. Nyuma pia, kwa sababu kebo za staki ziko nyuma. Ukibadilisha namba baadaye, mipangilio ya poti za namba ya zamani haikufuati kwenye namba mpya, kwa hiyo fanya hili sasa wakati hakuna cha kupoteza.

Kebo zenyewe zifunge duara: ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, na ya mwisho irudi kwa ya kwanza. Kebo moja ikikatika, duara linakuwa mstari na kazi inaendelea kwa uwezo mdogo zaidi. Ukiacha mstari tangu mwanzo ili kuokoa kebo moja, mkatiko mmoja tu unakupasulia staki vipande viwili. Na kaza skrubu za vichwa vya kebo kwa mkono, zote mbili, sawasawa. Kebo iliyokazwa upande mmoja hushika, halafu huachia siku mtu anapopita nyuma ya raki na begi lake. Amri ya show switch stack-ports itakuonyesha kama kila poti ya staki iko hai.

Hapa niwaeleze kosa langu lililoniumiza kuliko yote. Katika ofisi moja tulikuwa na staki ya swichi nne, nzuri, ya miaka miwili. Moja ikafa. Nilikuwa na swichi ya akiba ya aina ile ile, iliyowahi kutumika kwenye staki nyingine. Niliifunga kwenye raki, nikaiwasha ili niihakikishe inafanya kazi, nikaona taa ya kijani, nikaridhika. Kisha nikachomeka kebo za staki ikiwa imewaka.

Kwa sekunde chache hakuna kilichotokea. Halafu taa za swichi zote tatu zilizokuwa zikifanya kazi zikazimika kwa pamoja, feni zikapaa na sauti ile ya kuanza upya, na nyuma yangu nikasikia simu za mezani zikikatika moja baada ya nyingine, maana zilikuwa zinapata umeme kwenye swichi hizo hizo. Ile swichi ya akiba ilikuwa bado na kipaumbele 15 cha staki yake ya zamani. Zetu zilikuwa na 1, kwa sababu aliyezifunga hakugusa, na mimi sikukagua. Viongozi wawili walikutana, mwenye kipaumbele kikubwa akashinda, na walioshindwa wakajiwasha upya ili wachukue mipangilio yake. Staki iliporudi, mitandao yetu yote ya VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi zile zile, ilikuwa haipo. Kila poti ilikuwa kwenye VLAN 1, ile ya kiwandani. Nakala niliyokuwa nayo kwenye kompyuta yangu ilikuwa ya wiki kadhaa nyuma. Mabadiliko ya baada ya hapo niliyaunganisha upya kwa kuzunguka meza hadi meza nikiuliza watu nini hakifanyi kazi.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu wa kuongeza au kubadilisha swichi haubadiliki. Kwanza nachukua nakala ya mipangilio na kuihifadhi nje ya staki. Swichi mpya naiandaa mezani peke yake: toleo sawa, mipangilio imefutwa, kipaumbele 1, namba ile ile ya marehemu. Naizima kabisa, nachomoa waya wa umeme, naifunga kwenye raki, naunganisha kebo za staki ikiwa baridi, na ndipo naiwasha. Ikiingia hivyo, inaikuta staki ina kiongozi tayari, inakuwa mwanachama na kupokea mipangilio ya poti zake. Watu mezani hawajui kama kuna kilichotokea.

Kuna janga la upande wa pili, pale staki inapopasuka. Kila kipande hujichagulia kiongozi, na vyote viwili vinaamini vina anwani ile ile ya IP. Utaona mtandao unakubali na kukataa bila mpangilio. Vifaa vya HPE vinavyotumia mfumo wa staki uitwao IRF vina kinga iitwayo MAD ya kugundua hali hiyo, iwashe. Juniper, kwa staki ya swichi mbili tu, hushauri kuzima ugunduzi wa mgawanyiko, la sivyo moja ikifa, iliyobaki inaweza kujidhania ndiyo kipande kilichojitenga na kuacha kazi. Soma mwongozo wa kifaa chako hapo, usikisie.

Laini zinazopanda kwenda kwenye ruta au swichi kuu zinastahili uangalifu kuliko poti nyingine zote. Faida kubwa ya staki ni kwamba unaweza kufunga laini mbili pamoja kwa LACP, kanuni inayozifanya zifanye kazi kama laini moja, moja ikitoka swichi namba 1 na nyingine swichi namba 4. Nimekuta ofisi ambazo laini zote mbili zilitoka kwenye swichi moja, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Swichi hiyo ikizimika, nyingine tatu zinabaki zinazungumza zenyewe kwa zenyewe.

Umeme wa simu na kamera nao huwadanganya wengi. Kiwango cha zamani cha PoE (umeme unaopita kwenye waya wa mtandao), 802.3af cha 2003, hutoa hadi wati 15.4 kwa poti, 802.3at cha 2009 hufika 30. Zidisha mwenyewe: poti 48 kwa 15.4 ni karibu wati 740. Swichi yenye bajeti ya wati 370 itakubali kifaa kimoja kimoja mpaka bajeti iishe, halafu kamera ya mwisho itakosa umeme na utaambiwa kamera ni mbovu. Na kuwa kwenye staki hakuifanyi swichi yenye ziada imsaidie mwenzake. Kila moja hulisha poti zake, isipokuwa kama una mfumo kama StackPower wa Cisco wenye kebo zake za umeme.

Kuhusu VLAN sina mengi; somo hilo utalipata kokote. Tenga simu, wageni, ofisi na usimamizi, usiweke watu kwenye VLAN 1, na kwenye poti za mezani washa BPDU Guard, kinga inayozima poti ikigundua swichi nyingine au mzunguko wa nyaya, kwa sababu iko siku mtu atachomeka waya mmoja kwenye soketi mbili za ukutani. Ila kuna neno moja lazima nikuonye. Kwenye Cisco, trunki (laini inayobeba VLAN kadhaa kwa pamoja) ikiwa inapitisha VLAN 10 na 20 nawe unataka kuongeza 30, amri ni switchport trunk allowed vlan add 30. Ukisahau hilo neno add, orodha yote inafutwa na kubaki 30 peke yake. Ukiwa umeingia kwa mbali, kwa SSH, kupitia VLAN 10, skrini inaganda pale pale ulipobonyeza Enter. Kidole hakijatoka kwenye kitufe na tayari umejifungia nje.

Kwa hiyo kabla ya kugusa trunki ukiwa mbali, andika reload in 10. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 staki nzima itawashwa upya na kurudi kwenye mipangilio uliyohifadhi mwisho. Ukifanikiwa, andika reload cancel ndipo uhifadhi. Juniper wana kitu kizuri zaidi, commit confirmed, kinachorudisha hali ya awali bila kuzima chochote.

Usimwahidi bosi wako kwamba staki haitazimika kamwe. Kusasisha programu dhibiti mara nyingi humaanisha swichi zote zinawashwa upya pamoja, kwa dakika kadhaa. Kwa meza za ofisi hilo linavumilika ukiomba muda wa usiku. Kwa seva zisizotakiwa kukatika hata kidogo, mimi huweka swichi mbili zinazojitegemea, kila moja na akili yake, ili nisasishe moja huku nyingine ikibeba mzigo. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, lakini hawajawahi kunishawishi.

Siku ya kukabidhi kazi, nabaki baada ya watu kuondoka. Naacha kompyuta ikituma ping, pakiti ndogo za kupima kama kifaa kinajibu, kwenye ruta, nachomoa kebo moja ya staki, naangalia, nairudisha. Kisha nachomoa umeme wa kiongozi. Nahesabu pakiti zilizopotea, nahakikisha ile ya kipaumbele 14 ndiyo imeshika uongozi, nabonyeza simu iliyo kwenye swichi nyingine nisikie mlio. Nikirudisha umeme, swichi ile hurudi kama mwanachama wa kawaida, na uongozi haunyang'anyi. Mwisho nabandika karatasi ndani ya mlango wa raki: namba ya kila swichi, kipaumbele chake, toleo la programu dhibiti, nakala ya mipangilio iko wapi, na tarehe ya jaribio hilo.