Hisa alizoacha marehemu katika kampuni yenye mkopo wa riba

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Marehemu mume wangu ametuachia, mimi na watoto wetu watatu (wawili wa kiume), hisa za kampuni ya kuhudumia makampuni mengine: ulinzi, usafi, kuandaa mishahara. Mali yote ya kampuni ni bilioni 40, mkopo wa riba bilioni 12. Fedha taslimu na ankara zisizolipwa ni bilioni 18, na madeni ya kulipwa ndani ya mwaka bilioni 15. Thamani yake sokoni ni bilioni 25. Ustadhi mmoja kasema ni halali: deni halijafika theluthi ya mali na ukwasi (uwezo wa kulipa madeni ya karibuni) ni mzuri. Shemeji kasema ni haramu, nimuuzie yeye kwa nusu bei. Nifanyeje?

JAWABU: Wa alaykum salaam. Allah amrehemu mumeo, akupe subira.

Ukwasi hauhalalishi kitu. Bilioni 18 kwa 15 ni 1.2, yaani kampuni inaweza kuwalipa wanaoidai. Kiwanda cha pombe nacho chaweza kuwa na ukwasi wa 3! Sisi twaiangalia hiyo 18 kwa sababu nyingine: hisa ikiwa karibu yote ni fedha na madeni ambayo kampuni inawadai wengine, kuiuza ni kuuza fedha kwa fedha. AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha vya Kiislamu, inataka mali halisi na manufaa visipungue asilimia 30. Kwenu ni 22 kati ya 40, basi kuuza hakuna kizuizi.

Ama theluthi, ustadhi kagawa 12 kwa 40 akapata asilimia 30. Wapo wapimao hivyo, lakini AAOIFI hugawa kwa thamani ya sokoni: 12 kwa 25 ni asilimia 48, na kikomo chao ni 30. Na hata ingekuwa asilimia 5? "Theluthi, na theluthi ni nyingi" Mtume (s.a.w.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas kuhusu wasia, mtu anapotoa mali yake ya halali. Nani kaihamishia kwenye riba? Katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim amelaaniwa mlaji riba, mlishaji, mwandishi na mashahidi, "wote ni sawa". Kampuni inayokopa ndiyo mlishaji, na mwenye hisa ni mwenye kampuni. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, Jeddah 1992, lilisema asili ni haramu kuwa na hisa katika kampuni inayofanya riba wakati mwingine, ingawa kazi yake ni halali. Nami nipo hapo. Tokeni, ila bila papara.

Sasa shemeji. Kama ni haramu kwako, imekuwaje halali kwake kwa nusu bei? Amsome An-Nisaa aya ya 10, juu ya wanaokula mali ya mayatima.

Wewe usitie saini karatasi yoyote. Chukua kwanza hati ya usimamizi wa mirathi mahakamani. Lipeni madeni ya marehemu, kisha gawaneni: thumni (moja ya nane) yako, sudusi (moja ya sita) kwa kila mzazi wake aliye hai, iliyobaki ya watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Ndipo muuze kupitia dalali aliyesajiliwa, kwa bei ya soko. Gawio (faida ya hisa) likija kabla ya kuuza, toeni kwa maskini fungu linalotokana na riba ambayo kampuni ilipokea kutoka benki. Lililobaki wasomeshe watoto. Shemeji akikasirika, mpe jibu hili alisome.