Jibu: Kutengeneza mvinyo wa rozela na kukeneka pombe kali nyumbani, Ilemela

Ndugu, umeuliza kama leseni moja inatosha kuuza mvinyo wa rozela na pia kukeneka (kuchemsha kilichochachuka na kupoza mvuke wake) pombe kali ya ndizi nyumbani kwako Ilemela. Haitoshi, kwa sababu kuchachusha na kukeneka ni shughuli mbili tofauti mbele ya sheria.

Mvinyo unawezekana hata kwa mjasiriamali mdogo: utahitaji leseni ya biashara, usajili wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa ajili ya ushuru wa bidhaa na stempu zake, pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula. Uuzaji wa pombe una leseni yake chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968.

Kukeneka ndiko kwenye mtego. Gongo, yaani pombe kali inayokenekwa kienyeji, ina sheria yake ya mwaka 1966, na anayeipika bila kibali anatenda kosa la jinai, hata akisema ni ya kunywa na jamaa zake tu. Nadhani ukali huo una sababu, kwani methanoli, aina ya pombe yenye sumu, huchemka kwenye nyuzi 65 hivi na ethanoli, pombe ya kawaida ya kunywa, kwenye 78; viwango hivyo viko karibu, hivyo mpishi asiye na vipimo hana namna ya kujua kilichomo katika chupa yake, na methanoli hupofusha au kuua. Wala usifikirie vifuko vidogo vya plastiki, maana viroba vilipigwa marufuku Machi 2017.

Anza na rozela, na upeleke sampuli TBS kabla ya kuchapisha lebo.