Bondi ngumu na bondi dhaifu: tusichanganye gesi na chumvi

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo. Je, gesi yetu ya Mnazi Bay kule Mtwara ni gesi kwa sababu bondi zake, yaani vifungo vinavyoshikanisha atomi, ni dhaifu? Na kama chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka ifike nyuzi 801 za Selsiasi, mbona maji ya bomba yanaimaliza kwenye glasi? Nafundisha kemia sekondari hapa Lindi na maswali haya nayapata kila mwaka.

La gesi kwanza, maana ndilo lenye upotoshaji mwingi. Jibu ni hapana. Gesi ya Mnazi Bay, na ya Songo Songo pia, karibu yote ni methani: kaboni moja imeshikana na haidrojeni nne. Kuvunja bondi moja kati ya hizo kunadai kama kilojuli 413 kwa moli (moli ni kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe), si mchezo. Kilicho dhaifu ni mvutano kati ya molekuli na molekuli, ndiyo maana methani inachemka kwenye hasi 161. Ule mtambo wa kugeuza gesi kuwa kimiminika tunaousubiri Likong'o utaipoza mpaka kama hasi 162, na hakuna bondi hata moja ya methani itakayokatika.

Sasa wengi wanasema gesi inapoungua, bondi zinakatika na kuachia nishati. Hata vijana wazuri kidato cha sita wanaandika hivyo! Kukata bondi siku zote ni gharama. Piga hesabu: bondi nne za methani ni 1652, za molekuli mbili za oksijeni ni 996, jumla 2648. Hiyo umelipa. Halafu zinaundwa bondi za kabonidioksaidi na maji, zinarudisha kama 3450. Tofauti, kilojuli 802 hivi, ndiyo inayoivisha ubwabwa wako. Moto unatoka kwenye bondi mpya zilizo imara zaidi. Naitrojeni ya hewani ipo palepale jikoni ila haishughuliki, atomi zake mbili zimefungwa kwa bondi tatu, kilojuli 945.

Chumvi ni habari nyingine, kwa sababu haina molekuli. Kila ioni (atomi yenye chaji) ya sodiamu, ambayo ni chanya, imezungukwa na ioni sita za klorini, ambazo ni hasi, kila klorini na sodiamu sita, mpaka mwisho wa punje. Kuzitawanya zote kunataka kama kilojuli 787 kwa moli. Maji hayatumii nguvu ya moto: molekuli zake zina upande chanya na upande hasi, zinaizingira kila ioni, na kule kuzingira kunarudisha karibu nishati yote. Pengo ni kama kilojuli 4 tu, na linafidiwa na ioni kupata uhuru wa kusambaa. Maji yanapoa kidogo, kwa kipimajoto kizuri utaona.

Tena ugumu huo haumaanishi haipasuki. Chukua chumvi ya mawe kutoka mashamba ya pwani, chagua punje kubwa yenye pembe nne, igonge kwa nyundo. Inapasuka kwa nyuso bapa, laini kama kioo. Safu moja ikisogea kidogo tu, chanya inakutana na chanya, hasi na hasi, zinasukumana. Msumari ukiugonga hivyohivyo unabonyea tu, kwa kuwa elektroni za chuma zinatembea huru na kuendelea kuzishika atomi hata safu zikihama.