Re: Mgodi umefungwa, mbona dhamana haijarudi?

Kaka wa Urambo, umeuliza kwa nini kampuni ya makaa ya mawe anakofanya kazi shemeji yako huko Marekani ilifunga mgodi miaka mitatu iliyopita na dhamana ya kurejesha ardhi (fedha iliyowekwa kuhakikisha ardhi inarudishwa katika hali nzuri) bado imeshikiliwa. Kufunga mgodi siyo kumaliza kazi. Sheria yao ya 1977 inaachia fedha kwa mafungu. Wakishafukia mashimo, wakasawazisha kifusi na kuelekeza maji, wanaweza kuachiwa hadi asilimia 60.

Fungu la pili linasubiri uoto ushike, na hapo ndipo watu hukwama. Nyasi zinaota vizuri, inapita mvua moja kubwa, unakuta korongo la kufika gotini na tope linatiririka mtoni. Mkaguzi akiliona hilo, hasaini.

Salio hutoka baada ya miaka 5 tangu kupanda na kuweka mbolea mara ya mwisho, au 10 kama mvua ya mwaka haizidi milimita 660 (sisi wa Tabora tungehesabiwa 5). Wakipanda upya, hesabu inaanza sifuri. Tena maombi hutangazwa gazetini wiki 4 mfululizo, majirani wapate nafasi ya kupinga.

Shemeji akague makorongo kwanza, barua ya kuomba dhamana baadaye.