Jibu: kanuni ya namba ya n kwenye 4, 9, 18, 31

Habari dada. Umeuliza kwa nini kijana wako hapo Moshi akiandika 5n − 1 (n ni nafasi ya namba: ya 1, ya 2, ya 3…) kwa mfuatano 4, 9, 18, 31 anapata namba mbili za mwanzo tu. Amechukua tofauti ya kwanza, 5, akaamini itabaki hiyo hiyo hadi mwisho.

Aandike tofauti zote: 5, 9, 13. Hazilingani, basi 5n aiache. Ashuke mstari wa pili, tofauti za tofauti hizo: 4, 4. Zimetulia, maana yake kuna n². Hapa ndipo wengi huteleza, wanaandika 4n². Hiyo 4 inagawanywa kwa 2 kwanza, kwa sababu n² yenyewe (1, 4, 9, 16) tofauti yake ya pili ni 2. Kwa hiyo ni 2n².

Apange 2n² chini ya mfuatano: 2, 8, 18, 32. Atoe kila ya chini kwenye ya juu yake: 2, 1, 0, −1. Mabaki yanapungua 1 kila hatua, yaani 3 − n. Kanuni ni 2n² − n + 3. Ile alama ya kutoa kwenye −1 ikisahaulika, kazi yote imeharibika.

Ahakiki kwa n = 5: 50 − 5 + 3 = 48, na 31 + 17 (tofauti inayofuata, 13 + 4) ni 48.

Akizoea, mpangie machungwa ya soko la Mbuyuni kwa tabaka za mraba, piramidi: 1, 5, 14, 30, 55. Tofauti hutulia mstari wa tatu (2, 2), hivyo kuna n³, na hiyo 2 anaigawanya kwa 6, kwa sababu n³ yenyewe tofauti yake ya tatu ni 6.