Usiishie kwenye anwani ya kwanza

Kaka, programu yako ya bei za dagaa inaunganika Ujiji, ukifika Kibirizi inaganda. Nimeona kwenye msimbo: unachukua jibu la kwanza la getaddrinfo (kazi ya C inayogeuza jina la seva kuwa anwani za mtandao), basi. Hiyo inarudisha mnyororo wa anwani, na mara nyingi ya kwanza ni IPv6 (aina mpya ya anwani za intaneti). Mtandao usipoipitisha, connect, yaani amri ya kuunganika, inaweza kusubiri hadi ichoke.

Fuata ai_next, kiungo cha kwenda anwani inayofuata: fungua soketi (ncha ya mawasiliano), jaribu connect, ikikataa ifunge uende inayofuata. Wekea muda wa kusubiri pia. Mwisho ita freeaddrinfo iachie memori ya mnyororo huo, tafadhali sana, maana programu ya kuwaka wiki nzima itakula memori. Makosa ya getaddrinfo yasome kwa gai_strerror, inayogeuza namba ya kosa kuwa maneno.

Usirudi kwenye gethostbyname, kazi ya zamani ya kutafuta anwani. POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, iliiondoa 2008.