Fedha za kutengeneza reli baada ya dhoruba: kufungua njia si kuitengeneza

Ndugu aliyeanzisha uzi huu ameuliza kwa nini New York ilipata mabilioni ya dola za kutengeneza treni zake za chini ya ardhi baada ya kimbunga Sandy, ilhali huku kwetu mvua ikikata reli tunaona kijiko na malori ya kokoto kwa siku chache, kisha kimya. Ameuliza pia fedha hizo hutoka wapi hasa. Nimefanya kazi na wakandarasi wa njia katika mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya, kwanza nikisimamia vibarua na baadaye nikiandaa makisio ya gharama, kwa hiyo nitajibu kwa upande huo wa makisio, ambako naamini ndiko jibu lilipo.

Baada ya dhoruba kuna gharama mbili, na watu wengi huona moja tu. Ya kwanza ni ya kufungua njia: kuondoa udongo uliofukia reli, kujaza tuta lililoliwa na maji, kurudisha kokoto chini ya mataruma (zile boriti zinazolaliwa na reli) na kuruhusu treni ipite kwa mwendo wa tahadhari. Hiyo hupata fedha upesi, kwa sababu mizigo imekwama na kila ofisi inapiga simu. Ya pili ni ya kutengeneza: kupima udongo wa mteremko, kubadilisha kalvati dogo (njia ya maji chini ya tuta) kwa kubwa, kuchimba mifereji juu ya mkato, yaani pale mlima ulipochongwa kupitisha reli, ili maji yasishukie relini, kujenga kuta za gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) na kupanda nyasi za kushika ardhi. Hiyo ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo inayokosa mwenyewe, kwa kuwa treni ya kwanza ikishapita hakuna tena anayelisukuma faili.

Katika kazi mojawapo tuliandaa makisio yote mawili kwa pamoja. Ya kufungua njia yaliidhinishwa haraka kwa utaratibu wa dharura. Ya kalvati na mifereji yalirudishwa na maelekezo kwamba yaombewe katika bajeti ya mwaka unaofuata, na bajeti ilipofika yakakatwa, kwa hoja kwamba njia inapitika. Masika yaliyofuata maji yalikata tuta lilelile, tukalijaza tena kwa fedha za dharura. Tangu hapo nimeamini kwamba fungu la dharura lisilofuatana na fungu la kutengeneza hulipia uharibifu uleule kila mvua inaponyesha.

Sasa turudi New York. Sandy ilipiga tarehe 29 Oktoba 2012, na maji ya bahari yakaingia katika mahandaki yanayopita chini ya mto. Sehemu kubwa ya treni ilirejea kazini ndani ya siku na wiki chache, lakini chumvi ilibaki ikila nyaya, pampu na mitambo ya ishara. Sheria ya fedha za msaada ilisainiwa tarehe 29 Januari 2013, ikiwa na jumla ya dola zipatazo bilioni 50. Kati ya hizo, karibu bilioni 10.9 zilielekezwa kwenye usafiri wa umma pekee, na sehemu yake ilikuwa ya kuimarisha miundombinu dhidi ya dhoruba zijazo. Zilipitia mpango wa dharura wa usafiri ulioanzishwa kisheria miezi michache kabla ya kimbunga, kwa hiyo njia ya kupitishia fedha ilikuwepo hata kabla ya fedha zenyewe. Handaki la Canarsie, linalounganisha Manhattan na Brooklyn, lilifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019 hadi Aprili 2020, miaka saba baada ya maji kukauka, na treni zilikuwa zikipita humo muda wote huo. Utajiri wa Marekani ulisaidia, ni kweli, lakini kwangu kikubwa ni kwamba fedha za gharama ya pili zilikuwa zimetengwa, wala hazikupotea treni zilipoanza kutembea.

Hapa nchini barabara zina nafuu kidogo, kwa kuwa Mfuko wa Barabara hupata tozo ya mafuta kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Reli nayo ina tozo yake, ile inayotozwa kwenye bidhaa zinazoingia nchini tangu mwaka 2015, lakini ujenzi wa njia mpya una njaa kubwa na matengenezo ya njia ya zamani hayana sauti bungeni. Tazameni reli ya kati: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu vibaya kipande cha Kilosa hadi Gulwe, kandokando ya Mto Mkondoa, na safari zikasimama kwa miezi. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 za kuifufua reli hiyo, na mwaka 2022 ikaongeza milioni 200 kwa mradi wa pili, ambao uliweka mbele suala la kustahimili mafuriko. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati.

Kwetu huku hofu yangu kubwa ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hasa kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu kwa mfululizo wa mahandaki, madaraja marefu na mikato mirefu ya milima. Njia hiyo ilikabidhiwa mwaka 1976, na mifereji yake ilipimwa kwa mvua za enzi hizo. Ni mali ya serikali mbili, kwa hiyo tuta likikatika Uchindile fedha zake ni jambo la Dar es Salaam na Lusaka pamoja. Aprili 2024 tuliona pale Itezi, Mbeya, jinsi mlima uliolowa unavyoweza kushuka na kufukia nyumba. Mteremko ulio juu ya reli hauna tofauti.

Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa miaka 30 wa kuifufua TAZARA kwa takribani dola bilioni 1.4, na kampuni ya CCECC ya China ndiyo iliyopewa kazi hiyo. Naomba wabunge wa mikoa yetu wauulizie jambo moja: maporomoko yakitokea mwaka wa kumi, nani analipa kufungua njia, nani analipa kutengeneza, na je, malipo ya pili yana akaunti yake isiyoguswa kwa shughuli nyingine? Wakandarasi na wahandisi washauri nao wawasilishe makisio yote mawili katika hati moja, siku moja, ili anayeidhinisha kokoto awe ameliona kalvati kwenye ukurasa huohuo, na akilikataa aandike sababu na kuweka sahihi yake.